Ubanaji wa Video: Uhakiki wa Istilahi na wa Ushauri wa Kuhama

Siku hizi walimu, watafsiri na watumishi wa serikali hupewa ushauri mmoja mfupi: maumbizo mapya ya video ni bora kuliko ya zamani, basi na tuhame. Katika makala hii tunakusudia kuuhakiki ushauri huo pamoja na istilahi zinazotumika kuutoa. Maoni yetu ni kwamba ushauri wenyewe una ukweli ndani yake, lakini umesemwa kwa maneno yasiyopambanua mambo. Mtu wa Masasi au Newala akiufuata kama ulivyo, aweza kununua kifaa kisichomfaa, au kuharibu rekodi ambayo hataipata tena.

Hatukuichagua Masasi, iliyo chini miongoni mwa vilima vyake vya mawe, wala Newala, iliyo juu ukingoni mwa uwanda wa Wamakonde, kwa bahati nasibu. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipita katika sehemu hizo mbili akiwa na mashine ya kurekodia sauti katika silinda za nta na kamera ya kupigia picha za sinema. Kwa hiyo watu wa huko walirekodiwa sauti na ngoma zao mapema kuliko wengi wa Afrika Mashariki. Silinda ya nta ilihitaji mashine yake, na utepe wa filamu ulihitaji mashine yake. Swali la kuhama kutoka umbizo moja kwenda jingine, basi, si geni katika sehemu hizo. Lina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Kilicho kigeni ni wingi wa maumbizo na uchache wa maneno ya kuyatenganishia.

Tuanze na neno lenyewe, umbizo. Neno hili limeundwa vizuri na limekwisha kuzoeleka katika kompyuta. Kasoro ni kwamba linabebeshwa dhana mbili. Mtu husema umbizo la MP4, na pengine husema umbizo la H.264, kana kwamba hivyo ni vitu vya aina moja. Sivyo. MP4 ni kasha ambamo picha, sauti na maandishi ya chini huwekwa pamoja. H.264 ni kanuni ya kuisimba picha iliyomo kashani. Kasha moja la MP4 laweza kubeba picha iliyosimbwa kwa H.264, kwa H.265 au kwa AV1, kama vile bahasha za namna moja ziwezavyo kubeba barua za lugha mbalimbali.

Madhara ya kuchanganya dhana hizi hayaishii katika kamusi. Tuseme shule moja ya sekondari yaagiza projekta, na katika hati ya zabuni anaandikiwa muuzaji kwamba kifaa kiwe na uwezo wa kuonyesha MP4. Kifaa chaletwa, chafungua faili, sauti yasikika, lakini ukutani pana giza. Muuzaji hakuvunja sharti lolote, maana kasha limefunguka. Aliyeandika hati hakutaja kanuni ya usimbaji, kwa kuwa lugha aliyopewa haikumwonyesha kwamba kuna jambo la kutaja. Fedha za umma zimepotea kwa upungufu wa istilahi.

Neno la pili ni lile la kitendo chenyewe cha kupunguza ukubwa wa faili. Yako maneno kadhaa yanayoshindana: kukandamiza, kugandamiza, kushindilia, kufinyaza, kubana. Kukandamiza limeshika maana ya dhuluma, na kugandamiza limekwisha kupata kazi katika fizikia. Kushindilia ndilo lenye kupotosha zaidi. Mkulima akishindilia korosho guniani, zilizoingia ndizo zitakazotoka, hata moja haikupungua. Ubanaji wa video hauendi hivyo. Kanuni za video hutupa sehemu ya taarifa za picha, zile ambazo jicho halitazikosa sana, na kilichotupwa hakirudi. Anayeambiwa kwamba faili lake limeshindiliwa ana haki ya kudhani kwamba lipo lote.

Sisi tunapendelea kubana, na sababu yetu ni matumizi ya watu wenyewe. Mswahili akisema anabana matumizi, hana maana kwamba anazisukuma fedha zikae mahali padogo. Ana maana kwamba anaacha baadhi ya mambo ili mengine yatoshe. Hiyo ndiyo dhana inayotakiwa. Iongezwe tu tofauti moja: ubanaji usiopoteza, kama ule wa kubana hati za maandishi, na ubanaji wenye kupoteza, kama huu wa video.

Neno la tatu ni jina la chombo kinachorudisha picha. Tanzania ilipoanza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, watu walilipokea neno king'amuzi bila kusukumwa. Baadaye likaenea pia kisimbuzi, na kando yake kisimbusi. Hili la mwisho halina msingi. Kutokana na ng'amua tunapata king'amuzi, na kutokana na tambua tunapata utambuzi. Vivyo hivyo simbua hutoa kisimbuzi, kwa z. Kwa maoni yetu king'amuzi libaki kwa kile kisanduku cha televisheni, na kisimbuzi litumike kwa sehemu yoyote inayosimbua, iwe programu au kipande cha ndani ya simu.

Baada ya kuzitenganisha dhana hizi, sasa twaweza kuuliza kama kuhama kuna faida. H.264 ilitolewa mwaka 2003, H.265 mwaka 2013, AV1 mwaka 2018, na H.266 mwaka 2020. Zote huigawa picha katika miraba, kisha huandika tu kile kilichobadilika kutoka picha moja hadi inayofuata. H.264 hutumia miraba ya pikseli 16 kwa 16, H.265 yaweza kufika 64 kwa 64. AV1 na H.266 hufika 128 kwa 128. Mwalimu akisimama mbele ya ubao usiotikisika, mraba mmoja mkubwa hutosha mahali palipohitaji mingi midogo. Wacheza sindimba wakitimua vumbi, kila kitu chasogea, na akiba hupungua. Kwa hiyo isemwapo kwamba H.265 huhitaji takriban nusu ya biti za H.264 kwa ubora ule ule, ieleweke kwamba ni makadirio, si ahadi kwa kila picha.

Hata hivyo akiba hiyo si ndogo. Video ya saa moja inayosafiri kwa megabiti 2 kwa sekunde hufikia megabaiti 900. Ikitosha megabiti 1, huwa megabaiti 450. Kwa mtu anayenunua bando, tofauti hiyo ni fedha.

Lakini akiba ya njiani hulipwa mwisho wa safari. Wenyeji wa uwanda wanaelewa jambo hili kwa mfano wa makopa. Muhogo uliokaushwa ni mwepesi kuubeba, ila mpishi atatwanga na atatafuta maji, na haurudi kuwa muhogo mbichi. Kanuni mpya hudai hesabu nyingi zaidi za kusimba na za kusimbua. Simu yenye kipande maalum cha kazi hiyo haitasumbuka; isiyo nacho itaitumia programu, itapata joto na kumaliza betri upesi. Simu iliyoundwa kabla ya mwaka 2018 haiwezi kuwa na kipande cha AV1, kwa sababu kanuni yenyewe haikuwa imekamilika. Mahali ambapo watu hulipia kuchaji simu, akiba ya bando yaweza kugeuka kuwa gharama ya umeme. Tena H.265 ina madai ya ada za hataza kutoka kwa zaidi ya kundi moja la wamiliki, hali AV1, iliyoundwa na Alliance for Open Media, ilitolewa bila ada.

Basi hukumu yetu haiwezi kuwa moja kwa wote. Anayerusha video kwa watazamaji wengi kwa njia ya intaneti ana sababu ya kutumia H.265 au AV1, mradi abaki na nakala ya H.264 kwa wenye vifaa vya zamani. Mwalimu anayebeba masomo katika flashi kutoka Masasi hadi shule ya kijijini abaki na H.264, kwa kuwa hajui ni kifaa gani atakachokikuta huko. Na anayehifadhi kumbukumbu, kama vile simulizi za wazee kwa Kimakonde, Kimakua au Kiyao, asihamishe chochote kwa ajili ya kupunguza ukubwa peke yake.

Kwa hili la mwisho tunawageukia watafsiri hasa. Faili lililobanwa kwa H.264 likibanwa upya kwa H.265, linalobanwa si tukio lenyewe bali ni nakala iliyokwisha kupungua. Ni tafsiri ya tafsiri. Makosa ya wa kwanza huchukuliwa na wa pili kuwa ndiyo matini, naye huongeza ya kwake. Hakuna mtafsiri mwangalifu anayechoma matini ya asili baada ya kumaliza kazi. Kadhalika mtunza kumbukumbu asifute rekodi ya kwanza kwa kuwa amepata nakala nyepesi.

Kwa kumalizia, tunawaomba wasomaji wayajaribu mapendekezo haya katika hati na madarasa yao, na wayakosoe:

(a) Kasha: faili linalobeba picha, sauti na maandishi pamoja, kama MP4.

(b) Kanuni ya usimbaji: utaratibu wa kusimba picha, kama H.264 au AV1. Programu au kipande kinachoutekeleza kiitwe kodeki.

(c) Ubanaji: kupunguza ukubwa wa faili, ukiwa usiopoteza au wenye kupoteza.

(d) Kisimbuzi: kinachorudisha picha kutoka katika msimbo. Kisimbusi liachwe.

(e) Rekodi ya kwanza: faili kama lilivyotoka katika kamera, kabla ya kubanwa upya.

Neno umbizo lisifukuzwe. Liendelee kwa maana yake pana. Ila katika hati ya zabuni, mahali lilipoandikwa peke yake, mwandishi aulizwe: ni kasha, au ni kanuni?