Hongera, Mafundi Cherehani wa Isiolo

Isiolo ni njia panda: Waborana, Wasomali, Wasamburu, Waturkana na Wameru hukutana hapa, kila jamii na vazi lake. Na wengi wetu hushonewa mavazi hayo na fundi cherehani wa barazani. Hupima bega, kifua na kiuno kwa tepu, hukata, hurudia mshono mara mbili, kisha huacha akiba ya kitambaa ndani ili nguo ipanuliwe ukinenepa. Nguo ya mtumba ilikatwa kwa kipimo cha mtu mwingine. Fundi hukushonea kwa kipimo chako. Ukimpelekea kitambaa cha pamba cha kiwanda cha Rivatex cha Eldoret, kitambaa na mshono vyote ni vya Kenya. Mitindo hupita, mshono mzuri hudumu. Mafundi wetu, hongereni: mikono yenu imetusitiri kwa heshima.