Inchi Mbili

Kuinua gari ni kazi ya jeki. Utingo aliyeajiriwa juzi anaweza kuipandisha pikapu ya dizeli hadi tairi zikaelea, tena huku akipiga soga. Ufundi ninaotaka kuusifu unaanza pale gari linapotakiwa kubaki juu baada ya jeki kuondolewa, lipakiwe mzigo, liingizwe kwenye kona na kwenye makorongo, na dereva aone usukani bado ni ule ule aliouzoea.

Mfano wangu ni Land Cruiser 79, gari ambalo kwenye gereji za Arusha hulikosi. Pikapu hiyo iliingia sokoni mwaka 1999 ikiwa na springi za koili mbele, na nyuma zile za mapande ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine. Nyingi za huku zina injini ya 1HZ, silinda 6, lita 4.2, dizeli isiyo na turbo. Haina haraka, wala haina makuu. Kiwandani gari hili walilipima kwa mahitaji ya watu wa dunia nzima. Anayepanda na kushuka Ngorongoro, kisha akala vumbi kupita Naabi hadi Seronera, ana mahitaji yake.

Mteja huja na namba kichwani. "Fundi, nataka ipande inchi 4." Fundi anayeijua kazi huiacha namba hiyo ipite, akauliza, "Unabeba nini, bosi?" Hapo mteja huanza kupunguza: hakuna kitu kikubwa, watu kidogo na vyombo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, ila fundi springi hana ruhusa ya kuuona hivyo. Lita 100 za dizeli peke yake ni kilo 80 na ushee. Bado ngao ya chuma mbele, winchi, tairi ya pili ya akiba, madumu ya maji, hema juu ya paa. Wanaotengeneza springi, wakiwemo Old Man Emu wa Australia ambao seti zao zinajulikana sana huku, huzigawa kwa uzito ambao gari hubeba kila siku, si kwa urefu tu. Ukifunga ngumu kuliko mzigo, gari litarukaruka na abiria watafika wakishika viuno. Ukifunga laini, utakuwa umenunua urefu wa wiki moja. Kwa hiyo mahojiano haya, yanayofanyika watu wakiwa wamesimama, chai mkononi, ndiyo nusu ya kazi. Mara nyingi mteja wa inchi 4 huondoka na 2, na mimi husema afadhali.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Kwenye gari lenye ekseli nzima mbele na nyuma kama hili, springi ndefu haziinui difu hata milimita moja. Difu limekaa kwenye ekseli, ekseli imekaa kwenye tairi. Ukitaka difu lipande, ongeza tairi. Kinachopanda ni chesisi na bodi. Faida yake ni ya kweli: bampa haligusi mapema ukiingia mtaroni, tairi inapata nafasi ya kucheza na, ukipenda, ya kuwa kubwa zaidi. Lakini jiwe lililokuwa likigonga difu jana litaligonga na kesho.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza, fundi hupima. Hapimi kutoka ardhini, maana upepo wa tairi utamdanganya. Hupima kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, akaandika kwa chaki. Mara nyingi atakuta upande mmoja umelala kuliko mwingine, na ndiyo maana baadhi ya seti huja na koili mbili za mbele zisizolingana urefu. Asiyejua hudhani amepigwa dukani.

Mbele ndiko kwenye utamu. Ekseli ya mbele imeshikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma hadi kwenye chesisi. Chesisi ikipanda, mikono hiyo inainama zaidi na kuizungusha ekseli kidogo, labda digrii moja au mbili. Macho hayaoni kitu. Ila ule mlalo wa ekseli, mafundi wa alaimenti huuita kasta, ndio unaoufanya usukani urudi wenyewe baada ya kona. Ukipungua, gari linaanza kutangatanga kwenye lami, na dereva hamalizi safari bila mabega kukakamaa. Dawa yake ni bushi zilizotobolewa tundu pembeni badala ya katikati, ili zirudishe ekseli mahali pake.

Kisha kuna ile fimbo ya chuma inayokatiza kutoka chesisi upande mmoja hadi ekseli upande wa pili, ikizuia bodi isiyumbe. Inazunguka kwa duara, kwa hiyo bodi ikipanda, ekseli inavutwa pembeni milimita chache. Wapo wanaosema milimita hizo si kitu. Mwenye kuipenda kazi yake huweka fimbo ya kurekebishika, akaisogeza hadi magurudumu yakae sawa pande zote.

La kunistaajabisha kuliko yote liko nyuma: vali ndogo ya breki iliyounganishwa na ekseli kwa kijiti. Pikapu nyingi zinayo. Gari likibeba mzigo, chesisi inashuka, vali inaelewa kwamba nyuma kuna uzito na inaruhusu breki za nyuma zishike zaidi. Sasa inua chesisi inchi 2 bila kuigusa vali hiyo. Itaamini gari ni tupu siku zote. Utabeba mifuko ya saruji, ukanyage breki kwenye mteremko, na magurudumu ya mbele yafanye kazi karibu peke yake. Kuipandisha vali kwa kiasi kile kile ni kazi fupi mno, lakini lazima mtu awe anajua ipo.

Springi za nyuma zenyewe hazina maneno mengi. Yubolti mpya, si zile za zamani zilizokwisha kuvutika. Nati zikazwe kwa kuvuka pembe, kidogo kidogo, na zirudiwe baada ya kilomita mia kadhaa. Anayechukua springi zilizochoka na kuzikunja upya kwa moto wa mkaa ananiudhi. Chuma hicho kilipikwa na kupozwa kwa vipimo. Ukikipasha ovyo umekiua, na kitalala tena.

Bushi za mpira zina adabu yao. Nati zake hukazwa kabisa gari likiwa limeshuka chini, limebeba uzito wake wote. Ukizikaza likiwa hewani, mpira utaishi umejipinda, kama shingo ya mtu aliyelalia mto vibaya, na hautachukua muda kuchanika. Mpita njia atakayemwona fundi amejibana chini ya gari ambalo angeweza kuliinua atadhani anajitesa.

Baada ya safari ya kwanza ya vumbi, fundi hushika shokapu moja moja kwa kiganja. Kazi ya shokapu ni kugeuza mtikisiko kuwa joto, kwa hiyo inayohitaji kuangaliwa ni ile iliyobaki baridi wakati wenzake wanaunguza.

Na kabla hajapokea salio lake, hulielekeza gari ukutani, akawasha taa, akachukua bisibisi. Zimepanda nazo, na pua ya gari pengine imebadili mlalo. Wanaokuja usiku kutoka Makuyuni hawakuagiza inchi 2 za mtu yeyote.