Shirley Temple, Mtoto Aliyechuma Juani

Wazee wetu walinena, Mchumia juani hulia kivulini. Mithali hii huwatia moyo wafanyao kazi. Lakini yuko mtoto ambaye huchuma yeye juani, na kivulini wakaketi wengine. Twapenda leo kuitazama kazi ya mmoja wa watoto wa namna hiyo, Shirley Temple wa Marekani, mchezaji wa sinema na mwimbaji, tupate kupima ni lipi katika kazi yake listahililo sifa.

Alizaliwa mwaka 1928 huko Santa Monica, katika jimbo la California, akaanza kucheza katika picha za sinema mwaka 1932, akiwa na miaka 3 tu. Mwaka 1934 ilitoka picha iitwayo Bright Eyes, iliyotungwa kwa ajili yake, na wimbo wake wa chombo cha peremende ukaenea kila mahali. Mwezi wa Februari 1935 alipewa tuzo ya Academy, sanamu ndogo kwa kadiri ya umri wake, naye alikuwa mtoto wa kwanza kuipata. Tena tangu 1935 hata 1938, miaka 4 mfululizo, hapakuwa na mchezaji mwingine katika nchi ile, mkubwa wala mdogo, aliyewavuta watu wengi kama yeye.

Sababu yake si ngumu kuijua. Miaka ile ilikuwa miaka ya dhiki kuu ya fedha, iliyoanza 1929. Watu wengi walikosa kazi, na mioyo yao ilikuwa mizito. Katika picha zake nyingi mtoto huyu ni yatima, au amefiwa na mzazi mmoja. Hukutana na mzee mwenye hasira, humchekesha na kumwimbia, hata moyo wa mzee ukalainika na waliogombana wakapatana. Ni hadithi njema, lakini ni ile ile. Atakayetazama tatu atakuwa amekwisha kuzijua nyingi za zile zilizobaki. Tena twaona upungufu mwingine: mtoto huwafariji wakubwa daima, bali ni nadra mkubwa kuuliza ni nini kinachomwumiza mtoto.

Walakini, asiseme mtu kwamba alipendwa kwa ajili ya uso na nywele tu. Na atazame picha ya The Little Colonel ya mwaka 1935, mahali ambapo mtoto hataki kupanda ngazi kwenda kulala. Mtumishi wa nyumba amwonyesha jinsi apandavyo yeye, akigonga kila kipandio kwa ncha za viatu na visigino, hata ngazi ikasikika kama ngoma. Kisha amshika mkono, wakapanda pamoja. Mtumishi yule ni Bill Robinson, Mwamerika mweusi aliyezaliwa 1878, bingwa mkuu wa uchezaji huo. Mtoto wa miaka 6 alimfuata bwana huyu pigo kwa pigo, bila kukosa. Hiyo ni kazi ya kujifunza kwa bidii, wala haiji kwa uzuri wa sura. Hata hivyo, katika majimbo ya kusini ya Marekani picha ilikatwa mahali wanaposhikana mikono, kwa kuwa mmoja alikuwa mweusi na mwingine mweupe.

Tukilisifu jambo hilo, hatuna budi kusema na la pili. Bingwa yule hakupewa cheo kingine katika picha ile ila utumishi. Na katika The Littlest Rebel, ya mwaka ule ule, watumwa waonyeshwa kana kwamba waliridhika na utumwa wao. Tabasamu la mtoto laweza kuutia uongo asali, watu wakaumeza bila kuuonja. Kosa hilo si la mtoto. Ni la wakubwa walioitunga hadithi.

Na mshahara je? Katika kitabu chake cha mwaka 1988 ameeleza kwamba katika picha zake za kwanza mtoto mkorofi alifungiwa ndani ya chumba kidogo cheusi chenye bonge la barafu la kukalia. Ameeleza pia kwamba alipata dola zaidi ya milioni 3, lakini alipokuwa mtu mzima aliona zimebaki dola 44,000 hivi. Wazazi wake walimpenda; mama yake alimfundisha maneno ya kusema na kumtengeneza nywele. Basi tujifunze ya kuwa mapenzi peke yake si mlinzi wa mali ya mtoto. Jackie Coogan, mtoto mwingine wa sinema, alilazimika kumshtaki mama yake mwaka 1938, na mwaka uliofuata jimbo la California likatunga sheria ya kulinda fedha za watoto wa namna hiyo. Tangu mwaka 2000 sheria hiyo yaagiza asilimia 15 iwekwe akiba.

Alipokua, watazamaji walipungua, maana walikuwa wamempenda mtoto, si mtu. Mwaka 1950 aliacha picha za sinema, akiwa na miaka 22. Wengi huangamia hapo, yeye hakuangamia. Alikuwa balozi wa nchi yake huko Ghana tangu 1974 hata 1976, na huko Chekoslovakia tangu 1989 hata 1992. Mwaka 1972, alipougua saratani ya titi, alisema waziwazi, wakati ambapo wanawake wengi waliificha kwa haya. Alifariki mwaka 2014.

Hukumu yetu ni hii. Nyingi za picha zake zitasahauliwa, na si hasara; bali kile kipande cha ngazini kitadumu, kwa sababu pale mtoto hakutumwa kumfariji mtu, alikuwa akifundishwa na fundi. Nasi tumwonapo mtoto akiimba mbele ya watu, tusikome katika kupiga makofi. Na tuulize: Ni nani anayemfundisha? Hulala saa ngapi? Na fedha zinazokusanywa, nani anazitunza?