Wariinga Tunamjua, Nyambura Je?

Niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo, na kitabu cha mwisho nilichokisomea pale ni Shetani Msalabani. Sikukirudisha. Wariinga, karani anayefutwa kazi kwa kumkataa bosi, kisha anakuwa fundi wa injini, ndiye aliyenifanya niamini kwamba Ngũgĩ wa Thiong'o alituona sisi wasichana.

Machi 2024, mwanawe Mũkoma akaandika kwenye X kwamba baba yake alikuwa akimpiga mama yake, marehemu Nyambura, na kwamba baadhi ya kumbukumbu zake za utotoni ni za kwenda kumwona mama kwa nyanya, alikokimbilia. Wengine wakamwambia amemvunjia mzee heshima. Wengine, eti tutenganishe kazi na mtu.

Hii ya pili ndiyo inanikera. Labda inamfaa mtunzi wa hadithi za mapenzi. Ngũgĩ aliacha kuandika riwaya kwa Kiingereza, akaenda Kamĩrĩĩthũ 1977 kutengeneza mchezo na wanakijiji, akafungiwa Kamiti karibu mwaka mzima bila kesi. Tumefundishwa kumsoma pamoja na hayo yote, na ni sawa kabisa. Sasa inakuwaje gereza ni sehemu ya kazi yake, lakini jikoni ni faragha?

Nimerudia Detained, kitabu chake cha 1981 kuhusu kifungo hicho. Kuna mtoto wa kike aliyezaliwa yeye akiwa ndani, na picha ya mtoto ikamfikia gerezani kwa posta. Ni kurasa nzuri, bado zinanigusa. Lakini mara ya kwanza niliona baba na picha tu. Sikujiuliza nani alibeba mimba ile mume akiwa seli, nani alilea waliobaki nyumbani. Ni Nyambura. Na si mimi pekee. Sikumbuki darasa hata moja ambapo jina hilo lilitajwa.

Ndiyo, ni ushuhuda wa mwana, si hukumu ya korti. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Mũkoma alilelewa ndani ya nyumba ile, sisi tulikuwa maktaba. Ngũgĩ alipofariki Mei 2025, tanzia nilizosoma zilimpa Nyambura sentensi moja, ama hazikumpa kitu.

Sijachoma kitabu. Juzi mdogo wangu, yuko kidato cha nne, alikiomba. Nikampa, nikamweleza na habari za Nyambura.

"Sasa nisome ama nisisome?"

Nikamwambia asome. Akifika pale Wariinga anatoa bastola, aniite tuongee.