Siku ya 1, ya 5, ya 9 na ya 13

Mtazame mzazi wa Uingereza anayejua kuchana chawa. Huziosha nywele za mwanawe kwa shampuu ya kawaida, kisha huzipaka kondishena tele, maana chawa aliyelowa hutulia, na katika utelezi ule makucha yake hayashiki unywele. Huzifumua kwa chanuo la meno mapana. Ndipo hushika lile la meno yaliyobanana, akayagusisha na ngozi ya kichwa, akalivuta taratibu hadi kwenye ncha, akalifuta kwenye karatasi nyeupe na kuangalia kilichonaswa. Kisogoni, nyuma ya masikio, utosini, fungu kwa fungu. Akimaliza husuuza kondishena na kuchana tena.

Chanuo lenyewe lina asili ndefu. Huko Lakishi, katika nchi ya Kanaani ya kale, wachimbaji walipata la pembe ya ndovu lenye umri wa miaka 3,700 hivi: upande mmoja meno 6 manene ya kufumulia, upande wa pili 14 membamba ya chawa, na juu yake maandishi ya kuomba chawa waondoke kwenye nywele na ndevu.

Lakini akili ya kazi hii imo katika kuhesabu siku. Mayai hunata kwenye unywele kwa gundi, na mengi hulipita chanuo. Mchanaji hashindani nayo, huyangoja. Huanguliwa kwa siku 7 hadi 10, na kinda huhitaji siku nyingine 9 hivi kabla ya kukomaa na kutaga. Kwa hiyo anayechana siku ya 1, 5, 9 na 13 humnasa kila aliyeanguliwa kabla hajataga. Sijui tiba nyingine iliyoshonwa vizuri namna hii juu ya maisha ya mdudu.

Pemethrini, dawa ya kuua chawa, hulenga neva zao, na chawa sugu wamerithi badiliko dogo hapohapo panapolengwa. Chanuo halilengi neva. Hata hivyo lina udhaifu wake: katika utafiti wa Wales uliochapishwa mwaka 2000 liliponya asilimia 38, na malathioni, dawa nyingine ya chawa, 78. Mwaka 2005 utafiti mwingine wa Uingereza, wa watoto 126, ulipata kinyume: vifaa vya kuchania vya Bug Buster asilimia 57, dawa za madukani 13. Kwangu mimi, tofauti ya 38 na 57 inatukumbusha pia kwamba matokeo ya chanuo hayaachani na mkono unaolishika.

Siku hizi kuna dimetikoni, mafuta ya silikoni yanayomfunika chawa na kumziba bila kugusa neva. Katika utafiti wa 2007 iliponya karibu asilimia 70, malathioni 33. Mtoto asiyekubali kuketi ningempaka hiyo bila kusita, kisha ningeshika chanuo siku chache baadaye, kwa sababu hakuna njia ya kuaminika zaidi ya kujua kama chawa wamekwisha.