Majengo ya Likasi katika Foto

Mara nyingi tunaandika hapa juu ya vitabu vya maneno: vya teolojia, vya historia, vya maisha ya watakatifu. Leo tunashika kitabu ambacho karibu hakina maneno, na tunadhani kinatuhusu sawa na vile vingine, sababu Likasi imo ndani.

Jina la kitabu ni Avenue Patrice Lumumba, nacho kilitoka mwaka 2008. Mwenye kukifanya ni Guy Tillim, mpiga-foto wa Afrika ya Kusini. Makumbusho ya Peabody, ya Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani, yalimpa msaada mwaka 2007, naye akapita Msumbiji, Angola, Madagaska na Kongo yetu, akitafuta yale majengo ya saruji, yenye mistari iliyonyooka na madirisha mapana, ambayo Wazungu walijenga katika miaka ya mwisho ya utawala wao. Majengo haya yalichorwa kwa akili ya Ulaya, na yote yalitaka kusema neno moja, kwamba kesho itakuwa nzuri. Tillim aliyafikia wakati kesho ile imekwisha kupita.

Tunaona Grande Hotel ya Beira, zamani nyumba ya matajiri, leo makao ya maskini wengi. Tunaona karatasi za tribinali ya Lubumbashi, na maktaba ya klabu ya michezo ya Kolwezi. Kiisha tunafika nyumbani: waandishi wa mashini wa Likasi, mwaka 2007.

Tuseme kwanza yaliyo mema. Huyu bwana hacheki watu. Hakutafuta mbingu ya buluu na jua la jioni, kama wanavyofanya watu wa kalandari, wala hakutafuta machozi, kama wanavyofanya watu wa magazeti ya Ulaya wakifika kwetu. Mwanga wake ni ule wa asubuhi ya kazi, wenye mawingu kidogo. Yeye mwenyewe anaeleza katika kitabu kwamba hataki kuhukumu nchi zilizoanguka; anatembea katika njia za ndoto, na ndoto ya Lumumba anaiona bado katika kuta. Tunamsadiki. Katika foto zake kazi inaendelea. Watu wameketi mahali pao, karatasi ziko mbele yao. Mtu aliyepata kungoja cheti katika biro ya serikali anajua kwamba foto hizi hazidanganyi.

Na jina lile la kitabu si jambo dogo kwetu. Miji mingi ya Afrika ina njia yenye jina la Lumumba. Lakini sisi wa Katanga tunayo njia nyingine, ile ya kutoka Lubumbashi kwenda Likasi, na kando yake ni Shilatembo, pale alipouawa tarehe 17 Januari 1961 pamoja na Mpolo na Okito. Miaka mingi mpiga-foto angepita pale asione kitu: miti, majani, kichuguu. Mwezi wa Juni 2022, wakati Ubelgiji ilipokwisha kurudisha jino lake, sanduku lilipelekwa mpaka pale. Basi mahali pakubwa kupita posta na stesheni na jengo la serikali palikuwa pori tu. Hilo tulikumbuke tunapowasikia watu wakiuliza ni wapi Likasi pana kitu kizuri cha kupigia foto.

Sasa tuseme lile linalotusumbua. Katika kitabu hiki imo sanamu ya Agostinho Neto, huko Quibala katika Angola, na chini ya foto jina lake limeandikwa. Sanamu haina uhai, haijui kama ina jina. Lakini wale wa Likasi, ambao wana nyama na damu, waliobatizwa pengine katika parokia zetu, wameandikwa hivi tu: waandishi wa mashini. Kazi bila mtu. Wengine watatujibu kwamba ni desturi ya wapiga-foto, na kwamba Tillim alikuja kwa ajili ya majengo. Ndiyo. Lakini hakupiga majengo matupu. Aliwataka wale watu wakae ndani, sababu bila wao chumba kingekuwa kuta tu.

Waseminari wetu wamejifunza Mtaguso wa pili wa Nisea, wa mwaka 787, na mafundisho ya Mtakatifu Yoane wa Damasko: heshima inayopewa sanamu inapita mpaka kwa yule aliyechorwa. Na Wakristo wa Mashariki wanashika sheria moja ambayo sisi wa Kilatini tunaisahau upesi. Ikona isiyoandikwa jina haijatimia. Mchoraji amaliza uso, amaliza nguo, amaliza dhahabu, lakini mpaka jina liandikwe, watu hawaisujudii. Hatusemi kwamba foto ya biro ni ikona. Tunauliza tu: heshima ya foto hii itapita kwenda kwa nani, kama mlango hauna jina? Tunaogopa kwamba itarudi kwa mpiga-foto.

Tena sisi wa Likasi tuna sababu ya kuwa wakali katika jambo hili. Mji wetu ulizaliwa na Union Minière, kompani iliyoundwa mwaka 1906. Uliitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, injinia Mbelgiji. Yeye alipewa mji mzima ubebe jina lake. Watu wa kazi walipewa namba. Foto za zamani za kompani ziko, nazo zinaonyesha mashini, mabomba ya moshi, kampi zilizopangwa vizuri, na mbele yake wanaume waliosimamishwa kama vyombo vya kuhesabiwa.

Foto hizo zilitumiwa tena na mtoto wa Lubumbashi, Sammy Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978. Katika kazi yake iitwayo Mémoire, ya mwaka 2006, alipiga foto viwanda vya Gécamines vilivyokwisha kuchoka, kwa rangi; kiisha akawakata wale wanaume wa foto za kompani, weusi na weupe, akawasimamisha katikati ya vyuma vyenye kutu. Kazi hii ilipata zawadi Bamako mwaka 2007, na mwaka 2010 ilionyeshwa New York pamoja na kitabu cha Bogumil Jewsiewicki, The Beautiful Time.

Padri mmoja rafiki yetu alipoziona alisema: huu ni uongo, watu hawa hawakusimama pale. Hatukubali. Mama mzee akikupeleka penye lupango tupu na kukuambia, hapa alikuwa anaketi babu yako, hasemi uongo. Ndivyo anavyofanya Baloji. Anakataa kuonyesha kutu bila kuonyesha migongo iliyokibeba kiwanda. Hapo anampita Tillim, kwa maoni yetu. Mtu akitazama magofu peke yake anaweza kulia kwa sababu jengo zuri limeharibika, asiulize hata kidogo jengo lilisimama juu ya nani. Hata hivyo hatumsifu Baloji kwa yote. Mkasi wake umewatoa wale wanaume kutoka mikononi mwa kompani, lakini umewatenga pia na wenzao waliosimama kando, na majina bado hayakupatikana. Kwa kosa hilo hatuwezi kumlaumu sana. Daftari za kompani hazikuandikwa ili mjukuu amtafute babu. Na tumsifu kwa jambo lingine: pamoja na wenzake alianzisha Picha kule Lubumbashi, na tangu mwaka 2008 wamefanya mikutano ya sanaa palepale Katanga, ili foto zisionekane Ulaya na Marekani tu.

Yako mambo ambayo wote wawili, ao mpiga-foto ye yote, atayaweza kwa shida. Shinkolobwe iko karibu nasi. Uranio wa mlima ule uliingia katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Wakati wa vita mahali pale palifichwa, na hata leo mwenye kwenda na mashini ya foto ataulizwa maswali na askari. Na stesheni yetu ya treni? Tumeona vijana wakijipiga foto pale siku ya ndoa, na sherehe si dhambi. Lakini mwaka 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa Katanga, maelfu walilala palepale wakingoja treni, wakiugua, wakizika watoto wao. Waliowafukuza walikuwa majirani zao, na wengi wa majirani hao walikuwa Wakristo. Katika kuta za stesheni hakuna alama ya neno hili. Mwanga wa mawingu wa Tillim usingetosha, wala mkasi wa Baloji, kama sisi wenyewe hatutaki kusema nani alikuwa pale.

Mwezi uliopita tulimwonyesha katekista mmoja mzee ile foto ya waandishi wa mashini. Aliwahi kufanya kazi katika biro za mji kabla ya kuingia utume wake. Hakusema kitu juu ya mwanga wala juu ya jengo. Aliweka miwani, akasogeza foto karibu na dirisha, akauliza kama tuna kalamu. Kisha juu ya bahasha ya zamani akaanza kuandika majina ya wale aliofanya nao kazi katika vyumba vile, wazima na marehemu. Alipofika kwa la tano alisimama, akasema huyo alihamia Kambove na jina la ubatizo limempotea. Ataliuliza kwa mke wake, sababu waliimba pamoja katika kwaya.