Kusaga Upya Wembe wa Kukunja

Wembe wa kukunja uliotengenezwa Sheffield, Uingereza, katika karne ya 19 mara nyingi huwa mzito na wenye umbo la kabari: mnene mgongoni, ukipungua karibu moja kwa moja hadi kwenye makali. Ule wa Solingen, Ujerumani, hujulikana zaidi kwa mbonyeo wa pande zote mbili, uliofanya bapa lake kuwa jembamba na jepesi. Aina zote mbili ni za feleji yenye kaboni nyingi, chuma kinachoshika makali vizuri lakini kisichovumilia unyevu. Tangu kampuni ya Gillette ilipoanza kuuza wembe wa usalama mwaka 1903, nyembe nyingi za zamani ziliwekwa kando zikaliwa na kutu. Mashine ya mkanda wa msasa inaweza kuzirudisha kazini, mradi anayezisaga ajue ni kiasi gani cha chuma kinachoweza kuondolewa na kutoka wapi.

Kazi huanza kwa ukaguzi kwa lenzi ya kukuzia. Kutu ya juujuu huondoka kwa msasa. Kutu iliyochimba vishimo karibu na makali ni tatizo kubwa zaidi, kwa kuwa makali yatakayopita kwenye kishimo yatamomonyoka. Wembe wenye ufa haufai kusagwa. Baada ya ukaguzi, ribiti hutolewa na mpini kuwekwa mbali, hasa ukiwa wa seluloidi, ambayo hushika moto upesi ikiguswa na cheche.

Kiini cha kazi yote kiko kwenye vipimo. Wembe hunolewa ukiwa umelala juu ya kinoo, mgongo na makali vikigusa jiwe kwa pamoja, kwa hiyo unene wa mgongo na upana wa bapa ndivyo vinavyoamua pembe ya makali. Bapa la upana wa milimita 19 lenye mgongo wa milimita 5.5 hutoa pembe ya karibu nyuzi 16.6. Fundi akiondoa milimita 2 za makali ili kumaliza mapengo, pembe hupanda hadi nyuzi 18.6 na wembe huanza kukwama kwenye ndevu. Dawa ni kupunguza mgongo pia: ukifika milimita 4.9, pembe hurudi ilivyokuwa. Chuma kinachopotea kwenye makali lazima kifidiwe mgongoni, na kwa usawa pande zote mbili, la sivyo makali hutoka katikati ya bapa.

Mbonyeo hutokana na gurudumu linalopitisha mkanda. Kwenye sehemu ya bapa yenye upana wa milimita 15, gurudumu la kipenyo cha sentimita 25 huchimba kina cha milimita 0.2 tu kila upande. La sentimita 10 huchimba zaidi ya milimita 0.5, na la sentimita 5 huzidi kidogo milimita 1.1. Ndiyo maana gurudumu kubwa huufaa wembe wa kabari, ilhali bapa jembamba la mtindo wa Solingen huhitaji magurudumu madogo.

Adui mkubwa ni joto. Feleji hii ilitiwa matiko kwa moto mdogo, na ikipata rangi ya buluu, yaani karibu nyuzi 300 za Selsiasi, ulaini umeshaingia na makali hayatadumu. Makali membamba hufika hapo kwa muda mfupi sana. Kwa hiyo mashine huendeshwa polepole, wembe hushikwa kwa vidole vitupu ili joto lihisiwe mapema, na huchovywa majini kila baada ya mpito mmoja au miwili. Makali huelekezwa upande mkanda unakoelekea, ili msasa usiyadake. Miwani na barakoa ya vumbi havikosekani. Makali huachwa na unene kidogo mpaka mwisho, na shingo yenye chapa ya mtengenezaji haiguswi.

Msasa hubadilishwa kwa mpangilio: namba 120 kutoa umbo, kisha 240, 400 na 800, kila mmoja ukifuta mikwaruzo ya uliotangulia. Mkwaruzo unaobaki huonekana wazi baada ya kung'arishwa, tena hushika unyevu na kualika kutu. Mpini hurudishwa kwa ribiti mpya za shaba, zikigongwa kidogokidogo kwa nyundo ndogo.

Mwisho ni kunoa. Kinoo cha namba 1000 huweka makali. 4000, 8000 na 12000 huyalainisha. Makali yakipakwa wino kabla ya mpito wa kwanza, mahali wino unapobaki ndipo jiwe halijagusa, na hapo huonekana kama usagaji ulikuwa sawa. Kisha wembe hupitishwa kwenye ukanda wa ngozi, mgongo ukitangulia, na kupakwa mafuta membamba kabla ya kufungwa.